Ugonjwa wa Mtoto si Kosa la Mama: Habari Kutoka kwa Wataalamu wa Urithi

Mwezi uliopita tulipata barua kutoka kwa binti wa kidato cha nne katika parokia mojawapo ya jimbo letu. Mdogo wake wa kiume ana selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita siko seli. Kila mtoto huyo anapolazwa hospitali, ndugu wa baba husema mama ndiye aliyeuleta ugonjwa huo katika ukoo. Binti anauliza maswali mawili. Je, ni kweli kosa ni la mama? Na je, mtu apendaye somo la biolojia kama yeye anaweza siku moja kujiunga na wale wanaochunguza magonjwa ya kurithi?

Maswali haya yanakwenda pamoja. Jibu la swali la kwanza limepatikana kwa kazi ya watu wa swali la pili. Basi tuyaangalie kwa utaratibu.

Mtawa na njegere zake

Elimu ya urithi ilianzia katika bustani ya monasteri. Gregor Mendel, padre wa shirika la Mtakatifu Augustino, aliishi katika mji wa Brno, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Kwa miaka kadhaa alipanda njegere, akachanganya mbegu za mimea mirefu na mifupi, akahesabu matokeo kwa uvumilivu mkubwa. Aliona kwamba uzao wa kwanza wote ulikuwa mirefu. Lakini katika uzao wa pili ufupi ulirudi: kwa wastani, katika kila mimea minne, mitatu ilikuwa mirefu na mmoja mfupi. Ufupi haukuwa umepotea; ulikuwa umejificha.

Mwaka 1865 Mendel alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wapenda sayansi wa mji huo, na mwaka uliofuata yakachapishwa. Wataalamu wachache tu walimjali. Alifariki mwaka 1884, na ilipofika mwaka 1900 ndipo wengine walipogundua kuwa alikuwa amesema kweli. Hapo tunajifunza jambo: ujuzi wa mtu mmoja hausaidii sana mpaka wapatikane wenzake wa kuusikiliza, kuupima na kuueneza. Ndiyo kazi ya chama cha wataalamu.

Nusu kwa baba, nusu kwa mama

Tuje sasa kwa mdogo wa binti yetu. Kila mtu hupokea maagizo ya mwili wake, yaitwayo jeni, kwa jozi: moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Jeni moja kati ya hizo huamuru jinsi ya kutengeneza himoglobini, kitu kinachoipa damu wekundu wake na kubeba hewa safi mwilini. Mtu akipokea jeni yenye hitilafu kwa mzazi mmoja na nzima kwa mwingine, kwa kawaida huishi bila ugonjwa, wala hajui kwamba anaibeba. Huyo tunamwita mbebaji. Akipokea zenye hitilafu kwa wazazi wote wawili, chembe nyekundu za damu yake hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kufa mapema. Hapo ndipo panapotoka maumivu makali na upungufu wa damu.

Mwaka 1949 mtaalamu wa Marekani, James Neel, alionyesha kwa kupima damu kwamba wazazi wa wagonjwa hawa, baba na mama pia, ni wabebaji. Kwa hiyo jibu kwa ndugu wa baba ni wazi: mtoto asingeugua selimundu kwa jeni ya mama peke yake. Amepokea kwa wote wawili, kwa kiasi kilekile, na hakuna aliyechagua. Tena si laana, wala si uchawi.

Jambo moja hueleweka vibaya. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina robo ya uwezekano wa kuleta mtoto mgonjwa, nusu ya uwezekano wa mtoto mbebaji, na robo ya mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Ni hesabu ileile ya njegere za Mendel. Lakini robo hiyo huanza upya kwa kila mimba. Mzazi asiseme, “Tumeshapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima.”

Na kwa nini jeni hii imeenea sana kwetu? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza mwaka 1954 kwamba wabebaji hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Mahali penye mbu wengi, wabebaji waliokoka, wakazaa, na jeni ikaenea. Kile tulichokiita aibu ya ukoo kiliwahi kuwa ngao ya mababu zetu.

Wataalamu wa Afrika waungana

Kwa miaka mingi damu za Waafrika zilichunguzwa zaidi ng'ambo, na watu wetu walibaki wasaidizi tu. Mwaka 2003 kilianzishwa chama cha bara zima cha wataalamu wa urithi wa binadamu, na mkutano wake wa kwanza ulifanyika Accra, Ghana. Rais wake wa kwanza alikuwa Charles Rotimi, mtaalamu kutoka Nigeria. Katika mkutano wa chama hicho huko Yaoundé, Kamerun, mwaka 2009, wanachama walizungumzia haja ya mpango mkubwa wa kuchunguza urithi na afya Afrika kwenyewe. Mwaka 2010 mpango huo, uitwao H3Africa, ulitangazwa kwa msaada wa fedha kutoka Marekani na Uingereza. Kazi zake ziliendelea hadi mwaka 2022, na katika miaka hiyo maabara zilijengwa na vijana wengi walisomeshwa.

Tanzania nayo haikubaki nyuma. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa Muhimbili, wakiongozwa na Profesa Julie Makani, walianza kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu. Mwaka 2017 Tanzania, Ghana na Nigeria zilianza pamoja daftari la wagonjwa wa Afrika, na kazi hiyo iliratibiwa kutoka Dar es Salaam. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini mwetu kila mwaka, hivyo daftari hilo si karatasi tupu.

Matunda yameanza kuonekana. Katika utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, watoto zaidi ya 600 walipewa dawa iitwayo haidroksiyurea. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kuwa maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo vilipungua. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapandikiza watoto uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Na mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba inayorekebisha jeni za mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ilizidi dola milioni 2 kwa mtu mmoja! Wataalamu wa Afrika wana wajibu wa kuuliza: tiba hii itawafikiaje watoto wetu?

Nafasi kwa vijana

Binti yetu, jibu la swali lako la pili ni ndiyo. Wanachama wa vyama hivi si maprofesa tu. Wamo pia madaktari na wanafunzi wa vyuo vikuu. Mikutano yao huwapa watafiti vijana nafasi ya kusimama mbele ya wakubwa wao na kueleza kazi zao. Aliye shuleni aanze hivi:

1. Atie bidii katika biolojia, kemia na hisabati. Siku hizi jeni husomwa kwa kompyuta, hivyo hata mpenda hesabu anahitajiwa. Tangu mwaka 2016 mafunzo ya kazi hiyo yametolewa katika madarasa ya nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja.

2. Asidhani mlango ni wa udaktari peke yake. Mafundi wa maabara, wauguzi na washauri wa familia wanatakiwa pia.

3. Akifika chuoni, awaulize walimu wake habari za chama cha wataalamu wa urithi na masharti ya kujiunga.

Wakija kuomba damu

Baadhi ya wazazi huogopa watafiti wakidhani damu inauzwa. Ni haki yenu kuuliza. Nchini Tanzania utafiti wa afya lazima uwe na kibali cha maadili, na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu ndiyo inayotoa vibali vya kitaifa. Ulizeni: damu itapimwa nini, itahifadhiwa wapi, nani ataiona, na majibu tutayapataje? Msitie sahihi msichokielewa. Mnaweza kukataa, au kujitoa baadaye, na mtoto aendelee kutibiwa kama kawaida.

Ya kufanya nyumbani

Mtoto mchanga akivimba mikono na miguu, macho yakiwa ya manjano, au akipungukiwa damu mara kwa mara, mpelekeni akapimwe. Baadhi ya vipimo vya haraka huonyesha kwamba jeni ipo, lakini havitofautishi mgonjwa na mbebaji. Ombeni kipimo kamili cha himoglobini. Akigunduliwa kuwa na selimundu, anywe maji ya kutosha, alale ndani ya chandarua, apate chanjo zote na kutumia dawa kama alivyoelekezwa kliniki. Homa kwake ni jambo la haraka: msingoje asubuhi.

Wachumba nao wapime kabla ya ndoa. Kuwa wabebaji si kizuizi cha ndoa katika Kanisa. Ni heri kujua mapema na kujiandaa pamoja kuliko kuja kulaumiana kando ya kitanda cha mtoto.

Kwa ndugu wa baba tuna ombi moja. Siku mtoto atakapolazwa tena, mchukulieni mama yake chakula, mpokezaneni naye zamu ya kukesha wodini, na atakayeweza ajitolee damu. Hilo litamsaidia mtoto kuliko kutafuta mkosaji.