Kosa la Bustani Lisifichwe



Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, ndipo niwe na haki ya kutaja ya wengine.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisaidia kikundi kimoja cha akina mama huku Ukambani. Tulikubaliana kuotesha miche ya nyanya mahali pamoja, halafu kila mmoja apeleke yake nyumbani. Kitalu kilikuwa chini ya mkono wangu. Nilikiweka pale palipokuwa na viazi msimu uliotangulia, kwa sababu udongo ulikuwa umelainika tayari na jembe halingenisumbua. Wiki ya nne nikakuta asubuhi miche kama kumi hivi imelala, na majani bado ni ya kijani kabisa. Nikajiambia ni jua la jana. Nikaing'oa kabla akina mama hawajafika, nikaitupa nyuma ya ua, nikanyamaza. Niliona haya. Mimi ndiye mwalimu, ningesema nini?

Miche iliyobaki tuliigawa kwa nyumba 14. Nyanya zilipoanza kuweka matunda, zikaanza kulala. Leo mmea mmoja, kesho mitatu, nyumba hii, halafu nyumba ile. Mama mmoja alikuwa ametegemea hizo nyanya kwa karo ya kijana wake. Alikuja kwangu na mmea mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Yeye hakuwa amekosea. Nilikuwa nimekosea mimi, tena mara mbili. Kosa la kwanza ni kuotesha mahali pasipofaa. Kosa la pili ni kuficha. La kwanza peke yake lingeua kitalu kimoja. La pili lilipeleka ugonjwa katika bustani 14.

Ndiyo sababu ninaandika haya. Bustani nyingi za nyumbani hazifi kwa uvivu. Zinakufa kwa makosa machache, yale yale, ambayo kila mtu anayafanya peke yake nyuma ya nyumba yake bila kumwambia jirani. Basi tuyaangalie moja moja.

KOSA LA 1: KUANZA NA BUSTANI KUBWA KULIKO MAJI

Mnakumbuka mwaka wa 2020, wakati wa korona? Karibu kila boma lilikuwa na bustani au gunia la sukuma wiki. Je, ni ngapi zimebaki? Nyingi zilianza wakati wa mvua, zikafa kiangazi.

Kabla ya kushika jembe, hesabu mitungi. Kitanda cha mboga cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 kinahitaji karibu mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku wakati wa kiangazi. Vitanda vinne ni mitungi minne kila siku, mbali na ya kupika, kufua na kunywesha mbuzi. Kama punda wako analeta mitungi minne tu kwa siku, hiyo bustani imeshakufa kabla hujapanda.

Anza na kitanda kimoja. Kikikaa kijani mpaka mwisho wa kiangazi, ongeza cha pili. Na upana usizidi mita 1 na kidogo, ili ufike katikati kwa mkono bila kukanyaga ndani.

KOSA LA 2: KUIGA KITANDA CHA MTU WA MAHALI PENGINE

Mtu anaenda ziara milimani Mbooni, anaona vitanda vilivyoinuliwa juu, anavipenda. Anarudi kwake Kathonzweni kwenye joto, anainua vyake vivyo hivyo. Baada ya wiki mbili udongo umekauka kama unga.

Kitanda kilichoinuliwa ni cha mahali penye maji mengi, ili yatoke. Mahali pakavu tunafanya kinyume. Chimba kitanda kiwe chini kidogo ya usawa wa ardhi, kina cha kiganja hivi, na kingo zake ziwe juu. Maji yakiingia hayatoki. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke kando unapochimba, kisha uurudishe juu pamoja na mbolea. Wengi wanauzika chini na kupanda kwenye udongo mwekundu usio na nguvu, halafu wanalaumu mbegu.

KOSA LA 3: MBOLEA MBICHI

Samadi iliyotoka bomani jana si mbolea bado. Inaunguza mizizi, inaleta wadudu wanaokata miche shingoni, na ndani yake kuna mbegu za magugu ambazo ng'ombe alikula. Unapanda sukuma, unavuna magugu.

Irundike kivulini, inyunyizie maji kidogo, ifunike kwa majani au gunia, na uigeuze kila baada ya wiki tatu hivi. Ikikaa kama miezi mitatu huwa tayari. Utajuaje? Ukiingiza mkono hakuna joto, inanukia kama udongo wa msituni, na huwezi tena kutambua kinyesi kiko wapi. Nusu debe kwa kila mita ya kitanda inatosha kwa kuanzia.

KOSA LA 4: KUMWAGA MBEGU KAMA CHUMVI

Pakiti ya mbegu inamalizwa yote mahali padogo, tena inafukiwa chini sana. Mbegu ndogo ikifukiwa mbali inachoka kabla ya kufika juu. Kumbuka hivi: fukia mbegu mara mbili au tatu ya unene wake, basi. Kwa mbegu ya sukuma hiyo haifiki hata sentimita 1.

Panda kwa mistari ya sentimita 15 hadi 20. Miche ikisongamana haipati hewa, inaoza shingoni na kuanguka. Inayozidi ing'oe ikiwa bado midogo. Najua inauma kung'oa kitu kilicho hai, lakini usipong'oa michache utapoteza yote.

Wiki ya mwisho punguza maji na kivuli kidogo kidogo, ili miche izoee shida. Ihamishe ikiwa na wiki 4 hadi 6. Fanya hivyo jioni, wala si saa sita mchana. Sukuma iwe na nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mmea na mmea. Mwanzoni utaona ni kama unapoteza mahali. Ngoja miezi miwili.

KOSA LA 5: KUNYUNYIZA JUU JUU

Wengine wanapita kila siku na kikombe, wanalowesha udongo juu tu, wanaridhika kwa sababu unaonekana mweusi. Chini ni kukavu. Mizizi inafuata maji. Maji yakikaa juu, mizizi nayo inabaki juu, na siku moja tu ukikosa maji mmea umelala.

Mche mdogo unahitaji maji kila siku. Lakini mmea ukishashika, ni afadhali umwagilie kwa siku mbili mara moja, maji yaingie kabisa. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kama huko chini kuna unyevu, ngoja kesho. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, kwenye shina na si juu ya majani. Halafu funika udongo kwa nyasi kavu au mabua ya mahindi. Hiyo blanketi inakuwekea maji mengi bila kukugharimu hata senti.

KOSA LA 6: DAWA BILA KUJUA UNAUA NINI

Hili linaniogopesha kuliko yote, kwa maana hapa hatupotezi mboga tu.

Mtu anaona majani yana madoa, anakimbia kwa agroveti, anasema, "Nipe dawa ya nyanya." Anapewa ya wadudu, na mmea wake una ukungu. Dawa ya wadudu haiponyi ukungu. Pesa imekwenda na sumu imebaki kwenye majani. Beba jani lenye ugonjwa ndani ya mfuko, umwonyeshe ofisa wa kilimo au mwenye duka kabla ya kununua.

Soma kibandiko. Kama macho yako hayaoni vizuri, mpe mtoto wa shule akusomee. Angalia rangi iliyo chini ya kibandiko: nyekundu ndiyo sumu kali zaidi, kisha manjano, kisha buluu, halafu kijani. Hata ya kijani si maziwa. Tafuta pia siku za kungoja. Hizo ni siku ambazo lazima zipite kati ya kunyunyiza na kuvuna. Ukinyunyiza Jumatatu na kuchuma Jumanne kwa sababu Jumatano ni siku ya soko, umewauzia watu sumu, na zilizobaki umewapikia watoto wako.

Tena, tafadhali, dawa isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto haulizi, anakunywa.

Kwa vidukari, wale wadudu wadogo wanaoganda chini ya majani ya sukuma, mara nyingi hakuna haja ya dawa ya duka. Wapanguse kwa vidole na maji, au nyunyiza maji yenye sabuni kidogo. Jaribu kwanza kwa majani machache. Halafu angalia kila asubuhi. Wadudu kumi ni kazi ya dakika moja, lakini elfu kumi ni kazi ya bomba.

KOSA LA 7: KUPANDA UKOO MMOJA PALE PALE

Sasa turudi kwa kosa langu. Nyanya, viazi vya waru, pilipili, hoho, biringanya na managu zote ni ukoo mmoja. Ugonjwa wa mmoja unawapata ndugu zake. Ule uliotuingilia ni mnyauko unaoletwa na bakteria. Unakaa udongoni miaka kadhaa hata kama huoni mmea mgonjwa. Unatembea kwa maji yanayotiririka, kwa udongo ulioshika jembe na viatu, na kwa miche. Hakuna dawa ya kuuponya.

Kuna njia rahisi ya kuutambua. Mmea unalala ghafla ukiwa bado kijani. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa iguse maji, na usitikise. Ngoja dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, ndio huo.

Ng'oa mmea pamoja na mizizi na udongo wake, uuchome au uuzike mbali na njia ya maji. Usiutie kwenye rundo la mbolea. Osha jembe na viatu kabla ya kwenda kitanda kingine. Mahali hapo usirudishe mtu yeyote wa ukoo ule kwa miaka mitatu au zaidi. Panda mahindi, kunde, vitunguu au sukuma. Na chora ramani ya bustani yako kwenye daftari kila msimu, kwa sababu kichwa kinasahau.

TULIFANYA NINI BAADAYE

Nilirudi kwa kikundi nikasimama nikasema yote, hata ile miche niliyotupa nyuma ya ua. Haikuwa siku rahisi. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Yule mama alikopeshwa kutoka mfuko wa kikundi, na mimi nikachangia nilichoweza, lakini kijana alishakaa nyumbani wiki mbili. Vitanda vile 14 vilipandwa kunde na vitunguu, na nyanya zikahamia kwenye magunia yenye udongo uliotoka mahali safi.

Lakini kuna jambo lilitokea siku hiyo ambalo sikutazamia. Nilipomaliza kusema, mama mmoja mzee akainua mkono akasema kwamba yeye naye aliona nyanya zake zikilala wiki mbili kabla ya wengine, akanyamaza asichekwe. Mwingine akasema hivyo hivyo. Kumbe tulikuwa tumekaa pamoja kila Alhamisi, kila mmoja amekalia siri ile ile.

Tukaweka desturi mpya. Katika kila mkutano wa kwanza wa mwezi, kabla ya kuhesabu pesa, kila mtu analeta kitu kimoja kilichomshinda bustanini: jani, mche, mzizi, hata pakiti ya mbegu ambazo hazikuota. Kinawekwa mezani, tunauliza nini kilitokea, na hakuna ruhusa ya kucheka. Anayeleta kosa jipya ambalo hatujalisikia anapigiwa makofi, maana ametuokolea hasara.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Na mficha kosa la bustani havuni, yeye na majirani zake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika haya makosa saba, ni lipi kila mmoja wetu amelifanya msimu huu? Kiongozi aanze.
2. Bustani zetu zinahitaji mitungi mingapi kwa siku wakati wa kiangazi, na tunayo mingapi?
3. Nyumbani kwetu dawa za mimea zinawekwa wapi? Mtoto anaweza kuzifikia?
4. Mwenzetu akishindwa na bustani, sisi humwambia nini? Je, hayo maneno yanamfanya aseme au anyamaze?