Geji za pikapu kuukuu zikidanganya, chunguza waya kabla ya kununua mpya

MADEREVA wengi wa pikapu za zamani wamezoea kuendesha magari hayo bila kuziamini geji zilizo kwenye dashibodi. Mshale wa mafuta ukikwama, dereva hukisia kiasi kilichosalia kwa kuhesabu kilomita alizosafiri. Ule wa joto usiposonga, yeye huchukulia kwamba injini ni nzima mradi hakuna mvuke unaofuka chini ya boneti.

Mazoea hayo ni ya hatari. Pikapu iliyosheheni viazi kutoka Narok, ikipanda mwinuko wa Mai Mahiu kuelekea Limuru, yaweza kuchemka katika muda mfupi. Dereva asiyeonywa na geji huja kugundua wakati gasketi imekwisha kuungua na kichwa cha injini kupinda. Hapo gharama ya matengenezo hushinda kwa mbali ile ya kurekebisha waya uliolegea.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mara nyingi hitilafu haimo ndani ya geji yenyewe. Kabla ya kwenda dukani kununua nyingine, au kung'oa dashibodi nzima, mwenye gari anafaa kuelewa jinsi vifaa hivi vinavyofanya kazi.

Geji ya mafuta au ya joto huwa na sehemu tatu: sensa iliyo ndani ya tangi au kwenye injini, waya unaoiunganisha na dashibodi, na geji yenyewe. Katika pikapu nyingi za miaka ya 1970 na 1980, ndani ya geji mna kipande chembamba cha metali mbili zilizoshikamanishwa, kikiwa kimezungushiwa waya. Umeme ukipita katika waya huo, kipande hupata joto, hujikunja na kuusukuma mshale. Ndiyo sababu mshale wa geji hizo hupanda polepole swichi inapofunguliwa.

Kwa kuwa umeme wa gari hubadilika, kutoka takriban volti 12 injini ikiwa imezimwa hadi karibu volti 14 alteneta inapochaji, watengenezaji waliweka kidhibiti cha kusawazisha nguvu hizo. Katika Land Rover Series III, kidhibiti hicho ni kijisanduku kidogo nyuma ya dashibodi, na hutoa wastani wa volti 10. Katika baadhi ya Toyota Hilux za zamani, kimo ndani ya geji ya mafuta, nacho huihudumia geji ya joto pia.

Kwa hivyo, swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ni geji ngapi zilizoharibika?

Ikiwa zote zimekufa kwa pamoja, ni vigumu kuamini kwamba kila moja imeharibika siku ile ile. Anza na fyuzi. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango hicho hicho. Kuweka kipande cha waya mahali pake ni kukaribisha moto. Kisha kagua waya wa athi, yaani ule unaoiunganisha dashibodi na bodi ya gari. Kutu, rangi au skrubu iliyolegea hutosha kuuzuia umeme. Fungua kiungo hicho, kikwangue kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha ukikaze upya.

Geji ya mafuta na ya joto zikiharibika kwa wakati mmoja ilhali vifaa vingine vinafanya kazi, shuku kidhibiti. Kikifa, mishale yote miwili hubaki chini. Kikishindwa kupunguza umeme, yote miwili husoma juu kuliko kawaida, na dereva akadhani tangi lina mafuta mengi na injini ina joto jingi. Kwenye Land Rover, hali hii pia hutokea kidhibiti kinapokosa athi nzuri, kwa hivyo kisafishwe mahali kinaposhikamana na bodi kabla ya kutupwa. Betri ifunguliwe kwanza kabla ya mikono kuingizwa nyuma ya dashibodi.

Iwapo ni geji moja tu iliyo na hitilafu, lipo jaribio rahisi. Chukua mfano wa ile ya joto. Zima injini, fungua swichi, kisha chomoa waya ulio kwenye sensa. Mshale unafaa kushuka hadi alama ya baridi. Baada ya hapo, gusanisha waya huo na chuma cha injini kupitia balbu ndogo ya takriban wati 3, kwa sekunde chache tu. Mshale ukianza kupanda, geji na waya ni vizima. Mwenye makosa ni sensa. Usiposonga, waya umekatika mahali fulani au geji imekufa.

Sensa nayo isihukumiwe upesi. Baadhi ya mafundi huzungushia hesi zake tepu nyeupe ya mabomba ili maji yasivuje. Kwa kuwa sensa ya waya mmoja hupata athi yake kupitia hesi hizo, tepu ikiwa nyingi huzuia umeme na geji ikasoma chini. Vilevile, gari lililoondolewa thamostati huchelewa kupata joto, na mshale unaobaki chini huenda unasema kweli.

Ipo hatari nyingine ambayo madereva wengi hawaifahamu. Sensa ya joto hupima vyema ikiwa imezama majini. Maji yakivuja yote, hubaki katika hewa na mvuke, na mshale waweza kushuka ghafla ilhali injini inaungua. Mshale ukipanda sana kisha ukaanguka bila sababu, simamisha gari na kuzima injini. Usifungue kifuniko cha redieta kabla hakijapoa.

Kwa geji ya mafuta, jaribio ni lile lile, lakini lifanywe kwenye kiungo cha waya kilicho mbali na tangi, pasipo na mafuta yanayovuja wala mtu anayevuta sigara. Katika Hilux na Land Rover za zamani, waya ukichomolewa mshale hushuka, na ukiguswa na bodi kupitia balbu hupanda. Pikapu za Chevrolet zilizoundwa kwa ajili ya soko la Marekani hufanya kinyume: waya ukichomolewa, mshale hupanda kuelekea alama ya kujaa.

Ikiwa geji na waya vimefaulu jaribio, fundi ataitoa sensa ya tangi. Humo mna boya lililofungwa kwenye mkono unaoteleza juu ya waya mwembamba. Boya likitoboka huzama, na geji husema tangi ni tupu hata baada ya kujazwa. Waya ukilika sehemu moja, mshale hurukaruka kila mafuta yanapofikia kiwango hicho.

Taa ya shinikizo la oili ina kanuni yake. Swichi ikifunguliwa kabla ya injini kunguruma, lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua au waya umechomoka, na dereva hana ulinzi wowote. Ikiwaka gari likiwa mwendoni, injini izimwe papo hapo na oili ipimwe. Isichukuliwe kuwa ni sensa mbovu mpaka fundi apime shinikizo kwa kipimo cha mkono.

Spidomita ya magari haya haitegemei umeme bali kebo inayozunguka kutoka kwenye giaboksi. Mshale unaotetemeka huashiria kebo iliyokauka grisi au kukunjwa mno. Mshale na nambari za kilomita zikisimama pamoja, huenda kebo imekatika. Nambari zikiendelea kuhesabu huku mshale umelala, kasoro imo ndani ya spidomita. Dereva asiyejua kasi yake atawezaje kutii kiwango cha kilomita 50 kwa saa kilichowekwa katika maeneo ya miji?

Kazi nyingi kati ya hizi huhitaji bisibisi, msasa, balbu moja na subira. Anayemwachia fundi kazi hiyo naye anafaa kumtaka aonyeshe ni sehemu ipi iliyofeli jaribio kabla ya kulipia geji mpya. Kipuri kipya kikifungwa kwenye waya uliooza, kitadanganya kama kile cha zamani, na mwenye gari atakuwa amepoteza fedha bila kupata onyo analolihitaji barabarani.