Mionzi katika Utabibu wa Meno: Picha Isiyohitaji Chumba cha Giza
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tuliueleza ugonjwa wa kuoza kwa meno, jinsi unavyoanza juu ya gamba gumu la jino na kupenya kidogo kidogo hata ukafika kwenye kiini chenye neva na mishipa ya damu, tukaahidi kwamba tutaibainisha njia ambayo tabibu huyaona kwayo yale yasiyofikiwa na macho. Njia hiyo ni mionzi ya eksirei. Haja ya kuifahamu ni kubwa hususa kwa wasomaji wetu wa ufuko wa Ziwa Mweru, wakaao Nchelenge na Kashikishi na katika makazi ya Mantapala, ambayo tangu Januari 2018 yamewapokea ndugu zetu waliovuka mpaka kutoka mikoa ya Katanga ya Juu na Tanganyika huko Kongo wakikimbia mauaji. Kwani vijijini, aghalabu, jino likiuma shauri la kwanza na la mwisho ni kuling'oa.

Wala hatuwezi kumlaumu mng'oaji. Mtu aliye na koleo na sindano ya ganzi tu, asiyeweza kujua mizizi imepinda upande gani wala usaha umekula mfupa kiasi gani, hufanya lililo katika uwezo wake, na mgonjwa huenda zake maumivu yamekwisha. Lakini hasara ipo. Gego lenye shimo la kutisha laweza kuwa bado halijaguswa kiini chake, na lau lingezibwa lingedumu miaka mingi. Na gego jingine, lionekanalo zima kabisa, laweza kuwa limeliwa ubavuni, pale linapobanana na mwenziwe, mahali ambapo hakuna kioo wala taa iwezayo kuingia. Tofauti baina ya hayo mawili hudhihirika katika picha: madini ya jino zima huzuia mionzi na kutoa weupe, ilhali sehemu iliyooza, kwa kuwa imepoteza madini yake, huipitisha mionzi na kuacha kivuli cheusi.

Maarifa haya si mapya. Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua mionzi hiyo mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na majuma machache tu baadaye, mwanzoni mwa 1896, Otto Walkhoff wa Braunschweig alitia kinywani mwake kipande cha kioo kilichopakwa dawa ya picha, akatulia dakika 25 mionzi ikimpitia, akapata picha ya kwanza ya meno. Ujasiri wa watu wale ulikuwa na gharama kubwa. Edmund Kells wa New Orleans, aliyekuwa miongoni mwa madaktari wa meno wa awali kuitumia mionzi kwa wagonjwa, na ambaye alikuwa akiijaribu mashine kwa mkono wake mwenyewe, alipatwa na saratani, akakatwa vidole, kisha mkono, na mwaka 1928 akajitoa uhai.

Baada ya kioo ikaja filamu, na filamu ndiyo iliyotawala kwa muda mrefu wa karne iliyopita. Sasa tufikiri hali ya zahanati iliyo mbali na mji. Filamu yataka chumba cha giza, dawa mbili za kuisafishia, maji safi ya kuisuuza, na ghala lisilo na joto, kwa sababu joto huiharibu kabla ya kutumika. Na dawa zikichakaa picha hutoka na ukungu, tabibu akalazimika kumpiga mgonjwa mionzi mara ya pili. Mimi naona kwamba hayo, zaidi ya bei ya mashine yenyewe, ndiyo yaliyoizuia eksirei ya meno isitoke katika hospitali za miji.

Mfaransa Francis Mouyen ndiye aliyebuni chombo cha kwanza cha kuondoa filamu katika kazi hii, kikaanza kuuzwa mwaka 1987. Mahali pa filamu pana kipokezi kidogo cha kielektroniki, ambacho uso wake umegawanyika katika vijisehemu vingi mno, kila kimoja kikipima mionzi iliyokifikia na kupeleka hesabu yake kwenye kompyuta. Na kama wavuvi wa Mweru wajuavyo kwamba tundu la wavu likiwa dogo hata samaki wadogo waitwao chisense hawapenyi, ndivyo vijisehemu hivyo vikiwa vidogo zaidi hata ufa mwembamba wa mzizi hunaswa. Picha hutokea katika muda wa sekunde chache. Aina ya pili ni kibao chembamba chenye fosfori, ambacho huihifadhi nguvu ya mionzi mpaka kitiwe katika mashine ya kukisoma kwa mwanga wa leza, kisha kikafutwa na kutumika tena. Kwa mahali kama Mantapala ningekichagua kibao, maana hakina waya wa kukatika, chapatikana kwa ukubwa unaofaa kinywa cha mtoto, na kikiharibika hasara yake ni ndogo kuliko ya kipokezi. Ila sharti kilindwe na mchanga na meno ya mgonjwa, kwani kila mkwaruzo huonekana katika picha.

Mintarafu ya madhara, msomaji asiogope kupita kiasi. Kila binadamu hupokea mionzi ya kimaumbile kutoka ardhini na angani, wastani wake duniani ukiwa milisiveti 2.4 kwa mwaka, na picha moja ndogo ya jino ipigwayo kwa vyombo vya sasa haizidi sana ile apokeayo mtu kwa siku moja akiwa nyumbani kwake. Hatari niionayo ni nyingine: kwa kuwa picha haina gharama ya filamu, mpigaji hushawishika kurudia-rudia pasipo haja. Nchini Zambia, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2005, mashine hizi huwa chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Kinga ya Mionzi, na hata ile ndogo ishikwayo mkononi na kutumia betri haikusamehewa.

Faida kubwa kuliko zote kwa watu wa Mweru ni kwamba picha ya dijitali husafiri. Kutoka Nchelenge hadi Mansa, makao makuu ya mkoa wa Luapula, ni zaidi ya kilomita 200, na hadi Lusaka ni yapata kilomita 1,000. Picha iliyopigwa Kashikishi, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Paulo, yaweza kusomwa saa ile ile na bingwa aliyeko Lusaka, au Ndola ambako Chuo Kikuu cha Copperbelt hufundisha madaktari wa meno, na mgonjwa asitumie nauli asiyokuwa nayo ili kuambiwa jambo ambalo tabibu wa karibu angeweza kulitenda.

Lipo jambo moja ambalo kwalo usafiri huo wa picha hugeuka kuwa suala la uhai. Mwaka 1957 daktari Denis Burkitt, akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba mataya yote mawili, na uchunguzi wake, alioutangaza mwaka 1958 na kuufuatilia mwaka 1961 kwa safari ndefu ya gari kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, ukabainisha saratani ambayo leo huitwa kwa jina lake. Uvimbe huu huwapata hasa watoto wa sehemu zenye joto na mvua, ambako malaria haikomi, na Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zenye malaria kali kabisa. Dalili ya awali yaweza kuwa jino linalolegea tu. Mzazi hudhani ni jino la utoto linalotaka kutoka, au jipu. Jino likang'olewa, uvimbe ukabaki, na seli za uvimbe huu zaweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili.

Hapo picha hutoa ushahidi. Ule mstari mweupe mwembamba wa mfupa uzungukao kila mzizi hutoweka, si kwa jino moja kama ilivyo katika jipu la kawaida, bali kwa meno kadhaa, na meno huonekana yakielea pasipo mfupa wa kuyashika. Picha peke yake haitoshi kuthibitisha. Sharti nyama ikatwe kidogo na kupimwa. Lakini tabibu wa Mantapala, ambaye angempa mtoto yule vidonge na kumwambia mama arudi baada ya juma, akishaiona picha hiyo, na bingwa wa Lusaka akishaiona pamoja naye, hatang'oa jino wala hatangoja juma. Atatafuta gari siku ile ile, maana ugonjwa huu, ukiwahiwa, huitikia dawa za saratani kuliko karibu uvimbe mwingine wowote wa watoto, na watoto wengi wamepona.

Hatusemi basi kwamba mashine ikishafika kazi imekwisha. Kama hakuna tabibu wa kuziba jino, picha ya jino linalozibika haimfai mwenye jino. Na kama hakuna gari, picha ya uvimbe humwongezea mama huzuni. Kwa hiyo katika kupanga matumizi ningemtanguliza mtu: tabibu mmoja wa meno aliyesomea kazi yake, akae Kashikishi na kuzuru makazi kwa siku zinazojulikana, akiwa na mashine ya mkononi, vibao vyake, na betri inayotiwa nguvu kwa jua. Gharama za vyombo hivyo, na namna ya kuzitunza picha za watu ambao kesho huenda watarejea kwao Pweto au Moba, huko Kongo, tutazieleza katika sehemu ya tatu.