Miongozo ya Tiba kwa Timu za Kujitolea za Safari Fupi

Kila mwaka madaktari, wauguzi na wanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, Kanada na Ulaya husafiri kwenda Afrika, Asia na Amerika ya Kati kutoa huduma kwa wiki moja au mbili. Wengi hufungua kambi ya matibabu shuleni au kanisani, wakahudumia umati wa watu, kisha wakarejea kwao. Kwa muda mrefu timu nyingi zilitibu kwa mazoea ya hospitali zilikotoka. Tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010 lilianika hatari ya utaratibu huo. Timu nyingi ziliingia bila kusajiliwa, na baadhi ya waliopasuliwa wakabaki bila mtu wa kuwafuatilia. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa viwango vya chini kwa timu za kigeni zinazokwenda kwenye majanga. Safari zisizo za dharura hazikulengwa na viwango hivyo, kwa hiyo kila taasisi inayoziandaa inahitaji miongozo yake.

Uandishi wa miongozo hiyo huanza kwa kujua wagonjwa watakuja na shida gani. Takwimu za wilaya na daftari za safari zilizotangulia hutoa jibu, na mara nyingi ni homa, kikohozi, kuhara, minyoo, magonjwa ya ngozi, maumivu ya mgongo na shinikizo la damu. Kwa kila ugonjwa, hatua ya kwanza ni kusoma mwongozo wa taifa wa nchi mwenyeji na orodha yake ya dawa muhimu. Nchini Tanzania, kwa mfano, mwenye homa hupimwa malaria kabla ya kupewa dawa mseto. Mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: pumzi 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, huashiria nimonia. Kipimo hicho hakihitaji zaidi ya saa yenye mshale wa sekunde.

Shinikizo la damu ndilo hupima ubora wa mwongozo. WHO hutaka vipimo vya siku mbili tofauti, vyote vikionyesha 140/90 au zaidi, kabla ya kusema mtu ana ugonjwa huo. Mama aliyetembea kilomita kadhaa na kupanga foleni juani anaweza kupimwa mara moja, akapewa vidonge vya mwezi mmoja na kuambiwa ni mgonjwa. Vidonge vikiisha, zahanati ya kijijini huenda haina dawa ya aina hiyo, wala maandishi yoyote kumhusu. Hayo si matibabu. Mwongozo mzuri huagiza apumzike kwanza, apimwe tena, aandikiwe matokeo kwenye daftari lake na kupelekwa kliniki atakakofuatiliwa, na akihitaji dawa, iwe ile inayopatikana huko. Mwenye shinikizo la juu sana pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au kupooza upande mmoja hupewa rufaa ya hospitali papo hapo.

Kikohozi cha mtu mzima nacho kina mtego. Antibayotiki kama levofloksasini hupunguza dalili za kifua kikuu bila kukiponya, na ugunduzi ukachelewa huku familia ikiendelea kuambukizwa. Anayekohoa wiki mbili au zaidi achukuliwe sampuli ya makohozi na kuunganishwa na huduma ya kifua kikuu, ambayo Tanzania na Kenya huitoa bure.

Kuhusu dawa za msaada, WHO hutaka ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapowasili, isipokuwa kwa hali maalumu. Upasuaji usifanyike pasipo daktari mwenyeji aliyekubali kumhudumia mgonjwa baada ya timu kuondoka. Wanafunzi wasiruhusiwe kufanya wasichoruhusiwa kufanya makwao.

Rasimu ipitiwe na wauguzi na matabibu wa eneo husika kabla ya safari, kwa sababu wao ndio wanaojua dawa gani haijafika na rufaa ipi haiwezekani mvua ikinyesha. Baada ya safari, timu iulize wangapi waliopewa rufaa walifika, na vidonda vingapi vya upasuaji vilipata usaha, kisha mwongozo urekebishwe. Majibu hayo yakabidhiwe pia kwa mganga mkuu wa wilaya, maana wagonjwa ni wake.