Sura ya Pili: Kumjua Mteja kwa Riziki Yake

Kijana aliyehitimu uhasibu, sheria au uchumi, akajaaliwa kuajiriwa katika idara ya uzingatiaji wa sheria ya benki, aghalabu huingia kazini akidhani kwamba elimu yote ya kazi hiyo imo katika vifungu. Ni kweli kwamba vifungu sharti visomwe, kwani Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu mwaka 2006, Kenya ikatunga yake mwaka 2009, na nchi iliyolegea huingizwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu kilichoasisiwa Paris mwaka 1989, kama ilivyoifika Tanzania Oktoba 2022, ikatoka humo Juni 2025. Walakini sheria humwamuru mchambuzi awe na shaka penye sababu ya shaka. Sababu yenyewe huipata kwa kuyajua maisha ya watu na njia za riziki zao.

Kazi ya kwanza akabidhiwayo mgeni ni mafaili ya wateja: kuhakiki namba ya kitambulisho cha taifa itolewayo na NIDA na ile ya mlipa kodi, kudai hati za BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na kuuliza ni nani mmiliki manufaa, yaani yule ambaye faida ya kampuni humfikia hata kama jina lake halionekani. Ni kazi yenye udhia, ila asiyejua desturi ya mteja hawezi kutambua siku alipoiacha.

Chukua mkulima wa Newala, ambaye akaunti yake imekaa kimya miezi mingi, kisha, msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba na minada ikaanza, zikaingia milioni kadhaa kwa juma moja, naye akazitoa karibu zote taslimu. Mtambo wa kompyuta, usioijua korosho, utatoa tahadhari. Mchambuzi ajuaye kwamba malipo yametoka chama cha msingi cha ushirika, na kwamba mkulima ana vibarua wa kuwalipa na deni la dukani, ataandika sababu hiyo kwa sentensi mbili tatu na kuifunga tahadhari. Lakini ikiwa akaunti ya muuza mitumba mdogo itapokea kwa siku moja taslimu zilizowekwa Tunduma, Mwanza na Tanga, kila fungu likiwa chini kidogo ya kiwango kinacholazimu taarifa, na kabla ya magharibi zote zikahamishiwa kampuni iliyosajiliwa mwezi uliopita, hapo kiasi, njia na wakati vimepingana na riziki iliyoandikwa katika faili.

Shaka ya namna hiyo hupelekwa kwa afisa aliyeteuliwa, naye huiwasilisha katika kitengo cha serikali cha kudhibiti fedha haramu, na kumdokeza mteja habari hiyo ni jinai. Taarifa njema hutaja nani, kiasi gani, lini, kwa njia ipi na kwa nini; hukumu huachiwa mahakama.

Kwa hiyo anayeanza na ajifunze majedwali ya kompyuta, asome sheria, kisha akae kaunta na makarani wa fedha, awaulize wafanyabiashara huuza nini na hulipwa lini. Benki iwafungiayo maskini akaunti kwa hofu imewadhulumu, na ile ifumbayo macho mbele ya fedha za pembe za ndovu au za wizi wa mali ya umma imeidhulumu nchi nzima. Na mchambuzi aliyewekwa kati ya dhuluma hizo mbili apaswa kuuliza kabla ya kutuhumu, na kuandika sababu zake kwa uwazi ambao mkaguzi atakayelifungua faili miaka mitano baadaye ataufahamu bila ya kumtafuta.