Bukavu: Kabla ya kuziba pengo la jino, uliza kwanza hali ya meno jirani

Mama mdogo wangu anauzisha vitambaa kwenye soko la Kadutu, mjini Bukavu, tangu zaidi ya miaka kumi na tano. Kazi yake ni mdomo: kuita mteja, kucheka naye, kubishana bei. Siku alipong'olewa jino moja la mbele, upande wa juu, alianza kuzungumza huku amefunika kinywa kwa mkono. Wenzake waliona upesi, wateja pia.

Akaelekezwa kwa kijana mmoja anayetengeneza meno nyumbani. Kazi ilichukua mchana mmoja tu. Hakupigwa picha ya radio, na hakuna aliyeangalia fizi zake. Kijana alitengeneza jino la rezini, akalibandika kwenye meno mawili ya kando, akalisugua mpaka likang'aa. Mama mdogo alilipa, akarudi sokoni akicheka. Kisha miezi minane, kinywa kilianza kunuka, fizi zikavimba na kutoka damu. Mganga wa meno alipokata ile rezini, alikuta jino moja la kando limeoza mpaka kwenye mzizi. Likang'olewa nalo. Alikwenda kutafuta dawa ya pengo moja, akabaki na mawili.

Kile alichofikiri amenunua kinaitwa daraja la meno, na waganga wengine wanakiita briji. Ni kazi ya zamani. Watu wa Etruria, katika Italia ya leo, walikuwa wanashikiza meno ya bandia kwa ukanda wa dhahabu zaidi ya miaka 2.500 iliyopita. Vifaa vimebadilika, lakini kanuni ni ile ile.

Daraja la Ruzizi linalotuunganisha na Rwanda halishikwi na maji yanayopita chini yake, linashikwa na kingo mbili. Kinywani ni vilevile. Jino la bandia lililo katikati halina mzizi, limekaa tu juu ya ufizi. Meno mawili ya kando ndiyo yanabeba mzigo wote. Mganga anayachoma sindano ya ganzi, anayachonga pande zote, kiasi cha milimita moja hadi mbili, halafu anachukua umbo la kinywa na kulituma kwa fundi. Fundi anatengeneza kofia mbili na jino la katikati kama kitu kimoja, kwa chuma kilichofunikwa kauri ao kwa zirkonia. Mgonjwa anarudi, kinabandikwa kwa simenti ya meno, na hawezi tena kukitoa mwenyewe.

Watu wengi hawaelezwi vizuri jambo hili la kuchonga. Ganda gumu la jino halioti tena. Jino lililochongwa leo litahitaji kofia mpaka mwisho, hata kama lilikuwa zima kabisa. Mara nyingine mshipa wake unakufa kisha muda, na hapo inabidi kutibu mzizi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mganga linahusu majirani: meno haya mawili yana hali gani? Kama tayari yamevunjika ao yamezibwa sehemu kubwa, kofia ingeyafaa hata bila pengo, na daraja linakuwa chaguo zuri. Kama ni mazima, na mwenyewe ni kijana wa miaka ishirini, mimi ningeomba mganga anieleze njia nyingine kabla hajashika mashine.

Njia nyingine zipo. Kwa meno ya mbele kuna daraja linalobandikwa kwa bawa dogo nyuma ya jino jirani, karibu bila kuchonga. Lilipata jina la Maryland, kutokana na chuo kikuu cha Marekani kilicholiendeleza. Kwa mdomo wa mama mdogo, lile pengo la kwanza lingeweza kuzibwa namna hiyo. Kuna pia skurubu ya titani inayopandwa ndani ya mfupa. Haigusi majirani, lakini inataka mfupa wa kutosha, upasuaji, na makuta mengi zaidi. Halafu kuna meno ya kuvaa na kutoa, ambayo watu wanayadharau, ingawa ndiyo yanayopatikana kwa wengi na hayaharibu kitu yakitengenezwa na kusafishwa vema.

Juu ya bei, tahadhari moja. Daraja linahesabiwa kwa idadi ya meno yake, si kwa idadi ya mapengo. Pengo la jino moja linaweza kulipiwa kama meno matatu. Uliza hesabu yote mbele ya kuanza, pamoja na jino la muda utakalovaa wakati fundi anafanya kazi. Uliza pia kazi ya fundi inafanyika wapi: tanuri ya kauri inataka moto wa digrii mamia, na kila mtu anajua habari za umeme hapa kwetu.

Wakati nao una maana. Jino likisha kung'olewa, mfupa unapungua, zaidi sana katika miezi ya kwanza. Daraja la kudumu likiwekwa haraka mno, ufizi unashuka na kuacha tundu ambamo bugali na nyuzi za nyama zinajificha. Mara nyingi waganga wanangojea miezi miwili ao mitatu. Lakini kungoja miaka si vizuri pia. Majirani wanainamia pengo, jino la upande wa pili linashuka kulifuata, na siku unapopata pesa nafasi imekwisha kubanwa.

Tafiti zilizofuatilia wagonjwa kwa miaka 10 zinaonyesha kwamba karibu madaraja 9 kati ya 10 yalikuwa bado kinywani. Ni wagonjwa waliokuwa na mganga wa kuwaangalia. Huku kwetu ni vigumu: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, Afrika haina hata mganga mmoja wa meno kwa wakaaji 10.000. Kinachoangusha madaraja mengi ni kuoza kwa jino chini ya kofia, pale ambapo mswaki wa kawaida haufiki. Inabidi kupitisha uzi ao kaburashi kembamba chini ya jino la katikati kila siku. Daraja lisiloacha nafasi ya uzi kupita, kama lile la rezini la mama mdogo, ni la kukataa.

Kwa sasa mganga amemwambia aponye fizi kwanza. Kisha hapo ndipo ataangalia kwa radio kama meno yaliyobaki kando ya mapengo mawili yana nguvu ya kubeba daraja. Akingojea, anavaa meno ya kutoa. Sokoni amerudia kucheka mkono ukiwa chini. Usiku anayaweka ndani ya glasi ya maji juu ya kabati, mbali, sababu wajukuu walishayakamata mara moja kwa kuchezea.