Tenisi Mlimani: Hesabu ya Pointi na Ukweli wa Mwalimu

Mwanafunzi aliyezoea kucheza tenisi kwenye miteremko ya Kilimanjaro anaposhuka Dar es Salaam kushindana, huweza kuona kwamba mpira umekuwa mzito. Mapigo ambayo nyumbani yalimpita mpinzani kwa kasi sasa yanamfikia kwa utulivu, naye anarudisha bila taabu. Kijana akirejea Moshi ameshindwa, ataambiwa ama kwamba alikosa bahati, ama kwamba hakujitahidi. Kauli zote mbili hazina kipimo, na mtu hawezi kupanga mazoezi ya kesho juu ya jambo lisilopimika.

Yafaa kuanza na mpira wenyewe. Kwa kanuni za kimataifa, mpira wa kawaida ukidondoshwa kutoka kimo cha sentimita 254 juu ya sakafu ngumu, sharti udunde hadi kati ya sentimita 135 na 147. Kipimo hicho hufanywa penye hewa ya usawa wa bahari. Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, na shule nyingi za Marangu ziko juu ya mita 1,300. Kadiri mtu apandavyo, kanieneo ya hewa ya nje hupungua, lakini gesi iliyofungwa ndani ya mpira hubaki ileile. Kwa hiyo mpira hukaza na kudunda juu zaidi. Tena hewa yenyewe huwa nyepesi. Kwenye mwinuko wa mita 1,400, kila mita ya ujazo ina hewa pungufu kwa karibu sehemu moja katika nane kuliko pwani, na mpira hauzuiwi sana unaporuka. Ndiyo sababu kanuni zinaruhusu mpira wa aina ya pekee, usiodunda sana, kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Moshi mjini hauhusiki na ruhusa hiyo, Marangu inahusika. Kijana wa mlimani hakushindwa na hewa ya pwani peke yake, lakini mwalimu asiyeitaja hewa hiyo amemficha jambo.

Jambo kubwa zaidi limo katika namna ya kuhesabu ushindi. Tenisi haijumlishi pointi tangu mwanzo hadi mwisho kama mpira wa kikapu. Pointi hujenga gemu, gemu hujenga seti, na seti hujenga mchezo. Na katika kila ngazi tofauti ndogo hukuzwa. Chukua mfano wa wachezaji wawili ambao mmoja hushinda pointi 55 katika kila 100. Hesabu ya uwezekano, ikichukuliwa kwamba kila pointi inasimama peke yake, yaonyesha kwamba atashinda gemu kama 62 katika 100, seti kama 81 katika 100, na michezo ya seti tatu ipatayo 91 katika 100. Akishinda pointi 51 tu, atapata michezo kama 61 katika 100. Akifikia pointi 60, ni nadra sana kushindwa. (Uwanjani mambo si manyoofu hivyo, kwani anayeanzisha mpira huwa na nafasi bora, lakini mwelekeo wa hesabu ni huo.)

Maana yake kwa mwalimu ina pande mbili. Mchezo wa pointi 120 uliogawanyika 66 kwa 54 huonekana kama kipigo, kumbe pointi 6 tu zikibadilika mkono wachezaji wamelingana. Anayemwambia kijana huyo kwamba hafai amesema uongo. Lakini anayemwambia kwamba alikaribia kushinda naye amesema uongo, kwa sababu wakikutana mara kumi, atashindwa kama mara tisa. Na kutwaa kikombe ni kazi nyingine. Katika mashindano ya watu 32 mshindi hupita michezo mitano. Mwenye uwezekano wa 61 katika 100 kwa kila mchezo ataipita yote mitano kama mara 8 katika 100.

Kuna pia suala la umri. Mashindano ya vijana hugawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, hivyo mtoto wa Januari hukutana na wa Desemba, na aliyewahi kubalehe hukutana na ambaye bado. Mvulana wa miaka 13 anayeshinda kwa urefu na misuli huenda akapitwa wenzake watakapokua. Bingwa wa namna hiyo ndiye husifiwa kupita kiasi, na hapo mzazi hufikiria kumaliza fedha ya kahawa kwa raketi na nauli.

Afrika Mashariki imepata mfano wa kutazamwa kwa makini. Mwaka 2022, Angella Okutoyi wa Nairobi, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alishinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano makuu manne ya dunia. Fainali ilikwisha kwa 3–6, 6–4, na pointi 11–9 za kuamua: washindi walipata gemu 9 na walioshindwa 10. Mmoja wa walioshindwa, Victoria Mboko wa Kanada, mwaka 2025 alitwaa ubingwa wa wazi wa nchi yake mbele ya wanawake wakubwa. Okutoyi yeye alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, akaendelea kucheza huku akisoma, na katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra mwaka 2024 alipata dhahabu. Uwanja mkuu wa watu wazima una nafasi 128 tu, na 104 kati yake hutolewa kwa orodha ya ubora wa dunia nzima. Njia ya chuo si njia ya walioshindwa.

Shule isiyo na vyombo vya gharama yaweza kupima. Wanafunzi wawili hukaa kando ya uwanja na daftari, wakitia alama kwa kila pointi: nani kaishinda, na kama ilikwisha kwa pigo zuri au kwa kosa. Darasa la hisabati laweza kufanya hesabu yote. Ila mchezo mmoja wa pointi 120 huweza kupotoka kwa asilimia 9 juu au chini kwa bahati tu. Ikikusanywa michezo mitano, mpotoko hushuka hadi asilimia 4 hivi. Kijana aliyepata asilimia 44 mwezi Machi na 47 mwezi Agosti, kila mara kwa pointi 600, hawezi bado kuambiwa kwamba amepanda. Mwalimu humwonyesha daftari, humweleza kwa nini hajui, kisha hupanga michezo mingine mitano, miwili kati yake ikichezwa tambarare.